Mvua ya Dodoma inakwenda wapi?

Mkulima wa Dodoma akiulizwa kwa nini kilimo chake ni kigumu, atakujibu kwa neno moja: mvua. Jibu lake ni la kweli, ila halijakamilika. Dodoma hupata wastani wa milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Hektari moja ikinyeshewa milimita 570 huwa imepokea lita milioni 5.7 za maji, yaani maboza 570 ya lita elfu kumi kumi. Swali ambalo watafiti wamekuwa wakiliuliza kwenye nyanda hizi za kati kwa takriban miaka 90 ni hili: maji hayo yakishagusa ardhi, yanakwenda wapi?

Jibu la kwanza lilitoka Mpwapwa. Katika miaka ya 1930, mtafiti R. R. Staples alitenga vipande vya ardhi kwenye mteremko mdogo, kila kimoja na hali yake, akawa anakinga na kupima maji na udongo vilivyotoka. Vipimo vile ni miongoni mwa vya mwanzo vya mmomonyoko barani Afrika, na vitabu vya elimu ya udongo bado vinavitaja. Kipande kilichoachwa kitupu kilipoteza nusu ya mvua, na pamoja nayo tani 146 za udongo kwa hektari kwa mwaka, kiasi cha unene wa sentimeta moja hivi. Penye nafaka ilipotea robo ya mvua na tani 78 za udongo. Penye nyasi maji yaliyotoroka hayakufika asilimia 2. Kwenye kichaka kisichoingiwa na mifugo hayakufika hata asilimia moja, na udongo ulibaki pale pale.

Mvua ilikuwa moja. Kilichotofautiana ni kilichoifunika ardhi. Kwa hiyo shamba tupu linaweza kuwa na ukame hata mwaka wa mvua nzuri, maana nusu ya maboza yake imeshaishia korongoni.

Yanayotoroka shambani hufika mahali. Miaka ya mwanzo ya 1970, watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na cha Uppsala, Sweden, walipima mabonde ya mabwawa manne jirani na Dodoma: Ikowa, Matumbulu, Msalatu na Imagi. Ikowa na Matumbulu yalikuwa yakijaa tope kwa kasi ambayo ingeyamaliza katika miongo michache tu.

Serikali ilichukua hatua nzito. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulioanza mwaka 1973 kwa msaada wa Sweden, ulichimba makinga maji na kupanda miti. Makorongo ya Kondoa hayakutishika. Mwaka 1979 ikaamriwa mifugo yote iondolewe katika eneo la kilometa za mraba 1,256 la vilima vya Irangi, huko Kondoa. Wanyama zaidi ya 80,000 walihamishwa. Nyasi zilirudi, kisha vichaka, kisha miti ya miombo, na sehemu kubwa ya miti hiyo hakuna aliyeipanda: ilichipua yenyewe kutoka kwenye mizizi na visiki vilivyokuwa ardhini. Mwaka 1986 amri kama hiyo ikafika Mvumi.

Kwa ardhi, HADO ilifaulu. Kwa watu, gharama ilikuwa kubwa mno. Familia ya Kirangi iliyotoa ng'ombe wake ilitoa pia maziwa ya watoto, samadi ya shamba na akiba ya mwaka wa njaa. Mimi sioni kama amri ya namna ile ingefaa kurudiwa. Lakini tusitupe somo lake: mti wa Dodoma ukiachwa upumue, huota.

Somo hilo ndilo linalotumika sasa kwa jina la Kisiki Hai. Shirika la LEAD Foundation la Dodoma, likishirikiana na Justdiggit la Uholanzi, limekuwa likifundisha njia hii vijijini tangu 2018. Asili yake ni Niger, ambako mtaalamu wa Australia, Tony Rinaudo, aliisambaza kuanzia miaka ya 1980 baada ya kuchoshwa na miche iliyokuwa ikimfia. Mkulima anatafuta kisiki chenye machipukizi, labda cha mgunga au mkwaju. Katika machipukizi kumi au zaidi anachagua mawili au matatu yaliyonyooka, mengine anayakata kwa panga, kisha anapogoa matawi ya chini ya yale aliyoyaacha. Halafu anafunga kipande cha kitambaa chakavu, ili mpita njia ajue mti huu una mwenyewe. Mche mchanga utasubiri ndoo ya maji kila Agosti. Kisiki kina mizizi mirefu iliyozoea kiangazi.

Njia hii ina mipaka. Baada ya mavuno, mifugo huachiwa ipite mashambani, na chipukizi ni tamu kwa mbuzi. Pasipo sheria ndogo ya kijiji inayosimamiwa kweli, kitambaa hakizuii mdomo. Na penye mizizi iliyong'olewa hakuna cha kuchipua. Waingereza walipoanza mradi wa karanga Kongwa mwaka 1947 walileta mpaka vifaru vilivyogeuzwa matrekta ili wang'oe vichaka. Mwaka 1951 mradi ukafutwa, umemeza takriban pauni milioni 36.

Shambani penyewe yapo matuta funge: matuta ya kawaida yanayounganishwa kwa vituta vidogo, mvua ikituama humo na kuzama. Watafiti wa mradi wa Trans-SEC waliyajaribu na wakulima wa Ilolo na Idifu, Chamwino, pamoja na mbolea kidogo kwa kila shimo. Jembe linatosha, ingawa jasho ni jingi. Maji yaliyozama ndiyo yanayouvusha uwele au mtama kwenye kiangazi kifupi cha Februari, ambacho mahindi hayakivumilii.

Haya si ya vijijini peke yake. Mji wa Dodoma umeishi kwa visima vya Makutupora, na kumbukumbu za zaidi ya miaka 50 zinaonyesha kuwa maji yale ya ardhini hujazwa na misimu michache ya mvua kubwa, kama ile ya El Niño ya 1997 na 1998. Na kiwanja kilichoachwa kitupu hupoteza mvua yake kama kile kipande kitupu cha Mpwapwa. Kwa hiyo wewe uliyepata kiwanja Nala au Ihumwa, kabla hujaita katapila lisafishe kila kitu, kizunguke kwanza kwa miguu. Visiki vyenye machipukizi vifunge kitambaa, umwambie dereva asiviguse.