Kwa baiskeli hadi chimbuko la binadamu

Mwishoni mwa juma, waendesha baiskeli wengi wa Johannesburg huelekea kaskazini magharibi, kwenye vilima vya eneo lijulikanalo kama Chimbuko la Binadamu, kiasi cha kilomita 50 kutoka jijini. Wanachokiona njiani ni nyasi na mawe. Hazina yenyewe imo mapangoni, chini ya ardhi. Huko Sterkfontein, mwaka 1947, Robert Broom na John Robinson walifukua fuvu la "Mrs Ples", lenye umri wa zaidi ya miaka milioni mbili. UNESCO iliutambua urithi huo mwaka 1999.

Lakini mwaka 2002, maji yenye tindikali yalianza kufurika kutoka migodi ya dhahabu iliyoachwa karibu na Krugersdorp. Wataalamu walitahadharisha kwamba yanaweza kuyeyusha miamba inayohifadhi mabaki hayo.