Paa la Banda la Gari: Tulitazame Kabla ya Masika

Katika nyumba nyingi za Mombasa, Kilifi na Malindi, banda la gari, au gereji kama tulivyozoea kuliita, limekwishaacha kazi yake ya asili. Gari hulala nje. Ndani mna jiko la mahamri ya kuuza, cherehani ya kushonea mabuibui, magunia ya unga yanayoingoja Ramadhani, na jioni hutandikwa mkeka watoto wakadurusu masomo ya chuoni. Lakini paa lililo juu ya vyote hivyo ni lile lile lililowekwa ili kukinga chuma: mabati mepesi, mteremko mdogo, na fundi aliyeitwa kwa kuwa bei yake ilikuwa ya chini. Hili ndilo paa tunalopenda kulizungumzia juma hili, kabla kusi haijaanza kuvuma na kutuletea mvua za masika.

Paa linapovuja, mara nyingi ubaya hauko katika bati lenyewe. Uko pale bati lilipotobolewa au lilipounganishwa: kwenye misumari, kwenye mipaliano, na pale paa la banda linapokutana na ukuta wa nyumba kubwa. Kwa hiyo mama anayeambiwa kwamba paa zima halina budi kung'olewa ana haki ya kuuliza kwa nini, na anayeshauriwa kupaka lami kila mahali ana haki zaidi ya kuuliza. Lami iliyomwagwa juu ya paa bila kujua tundu liko wapi huficha njia ya maji, na fundi wa pili atakayeitwa mwakani atashindwa kuiona.

Kuitafuta njia hiyo si kazi ngumu, ila inataka subira, kwa sababu maji hayadondoki pale yalipoingilia. Huingia juu, yakatambaa kwenye ubao, yakaja kuanguka hatua kadhaa mbali. Chagueni siku kavu. Mmoja asimame nje na mpira wa maji, mwingine akae ndani na kipande cha chaki. Anzeni kulirowesha paa upande wa chini, ulipo mfereji, mngoje dakika chache, kisha mpande kidogo kidogo kuelekea juu. Mkianzia juu, maji yatateremka paa zima na hamtajua lolote. Linapoonekana tone la kwanza ndani, tundu li karibu na pale mpira ulipofika, na hapo ndipo pa kutiwa alama. Fundi akikuta alama ya chaki imekwisha kuwekwa, mazungumzo ya bei huwa mengine kabisa.

Misumari ndiyo huonekana kuwa na makosa mara nyingi. Msumari wa bati hupigwa juu ya mgongo wa bati, si bondeni ambako maji hupita. Hata uliopigwa vizuri huchoka: mchana bati hutanuka kwa jua, usiku husinyaa, na kwenda na kurudi huko huulegeza msumari huku mpira ulio chini ya kofia yake ukikauka na kupasuka. Kuugonga tena msumari ule ule ni kuahirisha tu. Ung'olewe, na mahali pake pawekwe skrubu nene kidogo zaidi yenye mpira mpya, ikaukamate ubao barabara. Na ikiwa ubao wenyewe umeoza, basi hakuna skrubu itakayoshika, na ubao ndio unaobadilishwa kwanza.

Banda lililoegemezwa nyumba huvuja zaidi kwenye ukuta. Mafundi wengi huziba pengo hilo kwa udongo wa saruji, likapendeza kwa msimu mmoja. Saruji haiendi na bati linapotanuka, kwa hiyo hupasuka, na ufa wake hunywa kila tone linaloteremka ukutani. Kinachofaa ni bati la kukunjwa ambalo ncha yake ya juu imeingizwa ndani ya mfuo uliochongwa ukutani, na ncha ya chini imelalia mabati bila kubanwa na saruji. Ni kazi ya nusu siku kwa fundi anayejua.

Kutu ni habari yetu sote tunaoishi karibu na bahari. Chumvi ya hewani huila ile zinki inayolinda chuma, na ikisha zinki huanza bati. Majani ya mwembe au mwarobaini yakiachwa yarundikane juu ya paa, huweka unyevu hapo hata siku za jua, na ndipo kutu inapoanzia. Doa dogo hukwanguliwa kwa brashi ya waya, likapakwa rangi ya kuzuia kutu na kisha rangi ya juu. Lakini mkifunga mlango mchana mkaona nyota za mwanga juu, bati hilo limekwisha na libadilishwe. Anayenunua jipya akumbuke kwamba katika hesabu ya geji, namba ndogo ndiyo bati nene: geji 28 ni nzito kuliko geji 30. Muuzaji hana haja ya kulieleza hilo usipouliza. Mpaliano nao uwe umeipa kusi mgongo, ili upepo usiisukume mvua ndani ya maungio.

Sasa tuje kwenye jambo linalotutia hofu zaidi. Baadhi ya nyumba za zamani na mabanda yake yameezekwa kwa asbesto, yale mapaa ya kijivu, manene na yenye mawimbi, yanayovunjika kama kigae. Kanuni za Kenya za mwaka 2006 kuhusu taka ziliihesabu asbesto kuwa taka ya hatari. Nyuzi zake ni nyembamba mno kuonekana kwa jicho. Zikivutwa pumzini hukaa mapafuni, na saratani inayotokana nazo huweza kujitokeza baada ya miaka 20, 30 au zaidi. Katika nchi zilizoitumia sana viwandani, wamo wanawake waliougua bila kukanyaga kiwandani. Walikuwa wakifua nguo za kazi za waume zao. Kwa hiyo paa hilo lisikatwe, lisitobolewe, lisisuguliwe kwa brashi, wala vipande vyake visitandazwe uani au kufunikia banda la kuku. Na kijana asipandishwe juu yake, kwani huvunjika ghafla chini ya mguu. Likiwa zima, liachwe bila kuguswa. Likiwa limevunjika, liondolewe na wenye leseni ya mamlaka ya mazingira, NEMA, hata kama gharama itatulazimu kungoja na kuweka turubai ndani kwa muda.

Mabanda yenye paa la zege bapa yana ugonjwa wake. Maji husimama kwa sababu tundu la kuyatoa limezibwa na majani, au kwa sababu fundi hakuweka mteremko. Kuzibua tundu ni kazi ya dakika kumi. Lakini plasta ya dari ikianza kumeguka na vyuma vyenye kutu kuonekana, msikubali ipakwe plasta mpya juu yake. Chuma kikishika kutu huvimba na kulipasua zege kwa ndani. Siku moja bonge huanguka, na chini yake ni ule mkeka wa watoto. Ahamishwe kila mtu kwanza, kisha aitwe mhandisi.

(Ndugu zetu wa Lamu, ambako punda ndiye gari, watatuwia radhi. Nao wana la kuangalia: dari za kale za boriti na chokaa hutengenezwa kwa chokaa. Saruji huufungia unyevu ndani, na boriti zikaoza kimya kimya.)

Mapatano na fundi yaandikwe: kazi gani, geji gani, skrubu au misumari, malipo kwa awamu ngapi. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul-Baqarah, inahusu kuandikiana madeni, nasi twaona haya kumwomba fundi karatasi. Sehemu ya mwisho ya malipo itolewe siku ile ile paa litakapojaribiwa kwa mpira wa maji na ndani pakabaki pakavu. Kabla fundi hajaondoka, atazamwe pia ameuelekeza wapi mdomo wa mfereji. Tumeona mabanda yaliyopona kuvuja na maji yote yakamwagwa ukutani kwa jirani, ilhali pipa la kuyakinga kwa kufulia na kutawadhia lingetosha.