Paka Kavaa Kofia: Watoto Wetu na Utungaji wa Mashairi



Jumamosi moja, baada ya darasa la Qur'ani, tuliwaomba watoto wabaki tuwafundishe kutunga mashairi. Tulianza kama tulivyoanzishwa sisi wenyewe zamani: tukaandika ubaoni ubeti, mshororo, kina, mizani na kituo, tukaeleza kila neno, kisha tukawapa mada, "Umuhimu wa Elimu". Nusu saa ilipita, na hakuna aliyeandika hata mshororo mmoja. Mvulana wa miaka tisa akatuuliza, kwa Kizulu, kama anaweza kwenda nyumbani.

Kosa lilikuwa letu. Watoto wetu hapa Diepsloot hushinda shuleni na Kiingereza, na barabarani na Kizulu na Kipedi. Kiswahili kwao kimebaki kuwa lugha ya kutumwa dukani na ya kukaripiwa. Sisi nasi tukakileta tena kwa sura ile ile ya amri.

Wiki iliyofuata tuliandika ubaoni maneno matatu tu: Paka kavaa kofia. Tukauliza, anakwenda wapi? Zikazuka kelele. Huyu alimpeleka shuleni, yule Fourways kutafuta kazi, hata msichana mmoja akasema anakwenda harusini. "Harusi ya nani?" "Ya panya!" Darasa zima likaangua kicheko, na mishororo ikaanza kutoka. Kila mshororo tuliupigia makofi, silabi moja kofi moja. Wa kwanza ulikuwa na makofi manane, wa pili manane. Wa tatu, "Panya wote wakakimbia", ulikuwa na tisa. Hatukusema neno, wao wenyewe wakapiga ukelele, "Mwalimu, umezidi!" Wakaondoa "wote", yakabaki saba. Wakabishana sana. Mwishowe mtoto mmoja aliyekaa nyuma, ambaye hatukuwa tumesikia sauti yake tangu mwezi uanze, akasema tuondoe ile "ka". Wakapata ubeti huu:

Paka kavaa kofia,
Harusi kuhudhuria,
Panya wote wakimbia,
Pilau limebakia.

Hapo tu ndipo tulipowatajia majina. Yale makofi ndiyo mizani. Ule mlio wa mwisho ndio kina. Jina lilikuja baada ya kitu, nao walilipokea bila taabu. Wazee watatambua kwamba mizani nane ndicho kipimo cha mishororo ya tenzi nyingi, na kwamba vipande viwili vya namna hiyo vikiunganishwa hupatikana mshororo wa shairi wa mizani kumi na sita. Kanuni hizo alizieleza Amri Abedi katika kitabu chake cha Sheria za Kutunga Mashairi cha mwaka 1954, nasi hatuzidharau hata kidogo. Tumebadili mlango wa kuingilia tu.

Makofi yalifichua jambo jingine pia. Watoto waliozoea kusoma Kiingereza hulihesabu neno "mtu" kuwa kofi moja. Kwetu ni makofi mawili, kwa sababu hiyo "m" husimama peke yake. Lakini "mbuzi" nalo ni makofi mawili, si matatu. Kanuni ya jambo hili ni ndefu; sikio hulishika kwa dakika kumi.

Mshairi wa Marekani, Kenneth Koch, aliyewafundisha watoto wa shule ya msingi mjini New York kuanzia mwaka 1968, aliwashauri waache vina, kwa kuwa kuvitafuta kuliwafunga mawazo. Kwa Kiingereza huenda alikuwa na haki. Kiswahili humaliza maneno yake kwa irabu, na vina humwagika kama mchele uliotoboka gunia. Shida yetu ni kinyume chake: ni rahisi mno. Wiki ya tatu kila mshororo uliishia kwa kukimbia, kusikia na kulia. Tukapiga marufuku vitenzi mwishoni mwa mshororo, na hapo ndipo walipoanza kuulizia maneno kwa mama zao.

Baadhi ya wazazi walitujia na wasiwasi, nao ni wa haki: je, watoto waliotoka katika Qur'ani wafundishwe mizaha? Tuliwakumbusha Hadithi ya Anas bin Malik, iliyomo katika Bukhari na Muslim. Mdogo wake, Abu Umayr, alikuwa na kindege cha kuchezea, na Mtume (S.A.W.) alipofika nyumbani kwao alimtania kwa kumuuliza habari za "nughayr" wake. Umayr na nughayr: swali la mzaha, kwa mtoto mdogo, tena lenye kina.

Mpaka upo, nao umewekwa katika Suratul Hujuraat, aya ya 11, inayokataza watu kudharauliana. Mvulana mmoja alileta ubeti wa kumcheka jirani kwa jinsi anavyosema Kizulu. Ulikuwa na mizani kamili na vina vizuri, na wenzake walicheka sana. Tuliukataa. Watoto hawa wenyewe huchekwa kwa matamshi yao, na katika mtaa huu, Aprili 2022, mgeni kutoka Zimbabwe aliuawa na kundi lililokuwa likisaka wageni. Tulimwomba aandike juu ya kiatu chake kilichotoboka. Alinuna kwa wiki mbili, kisha akaleta beti tatu, zikiwa bora kuliko ule wa kwanza.

Kwa wanaodhani haya ni mambo ya kigeni: Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi hadi karibu mwaka 1840, alitunga juu ya mambo ya mjini na vijembe vya watu wake, hata wataalamu wakasema aliutoa ushairi msikitini akaufikisha sokoni. Diwani yake ilichapwa mwaka 1940, tena hapa hapa Johannesburg, na Chuo Kikuu cha Witwatersrand.

Sasa tumefikia ngonjera, ule ushairi wa kujibizana ambao Mathias Mnyampala aliueneza Tanzania. Andazi linashindana na gwinya:

"Nina iliki mwilini."
"Nami nyama i tumboni."
"Halali, au ya nini?"

Gwinya bado linatafuta jibu.

Yule msichana wa harusi ya panya alimsomea bibi yake wa Tanga ubeti wake kwa simu. Mama yake anasema kwa kawaida mazungumzo yao huisha kwa "shikamoo" na "marahaba", kisha simu hurudishwa kwa wakubwa. Safari hii bibi alitaka asomewe mara ya pili, akawaita majirani wasikie, kisha akauliza ni nani aliyelila hilo pilau. Mtoto amekaa siku nne akitunga jibu.