Mchezo wa Polisi Usio na Haraka ya Kuhukumu

Michezo ya polisi katika televisheni aghalabu hufuata njia moja. Hutokea mauaji, askari kanzu akaitwa, akachungua huku na kule, na kabla saa haijatimia mhalifu yumo pingu mikononi na mtazamaji amekwenda kulala roho yake imetulia. Aliye mwema twamjua tangu mwanzo, na aliye mbaya kadhalika. Raha ipo, walakini faida ni haba, kwani binadamu tunaoishi nao hawakuumbwa hivyo.

Leo nataka kuwaeleza wasomaji habari za mchezo ulioiacha njia hiyo. Jina lake ni The Wire, maana yake waya, kwa ajili ya simu ambazo polisi huzitegea sikio. Ulionyeshwa Marekani na televisheni ya HBO tangu Juni 2002 hadi Machi 2008, sehemu 60 katika misimu mitano. Mahali pake ni Baltimore, mji wa bandari katika jimbo la Maryland. Zama zile watazamaji walikuwa wachache, na tuzo ya Emmy haukupata hata moja. Sifa zake zimeenea baadaye.

Waliouandaa waliyajua wayasemayo. David Simon alikuwa mwandishi wa habari za polisi katika gazeti la The Baltimore Sun. Ed Burns alikuwa askari kanzu wa mji huo huo, kisha akawa mwalimu wa shule. Na katika wachezaji yumo Melvin Williams, aliyekuwa kweli mfanyabiashara mkubwa wa dawa za kulevya, ambaye Burns mwenyewe alimpeleleza hata akakamatwa mwaka 1984. Alipotoka jela alipewa nafasi ya kuigiza mtu wa kanisa mwenye kuheshimiwa mtaani.

ASKARI NA JICHO LA MTOTO

Tumtazame askari mmoja kijana, Pryzbylewski, ambaye wenzake wamemkatizia jina wakamwita Prez. Katika msimu wa kwanza, usiku, kichwa kimejaa pombe, aenda na wenzake kwenye maghorofa ya maskini, na kwa kiburi tu ampiga mtoto wa miaka 14 kwa kitako cha bastola. Jicho la mtoto likaharibika. Mkuu wake, Luteni Daniels, ambaye ni miongoni mwa watu waadilifu mno katika mchezo huu, amkemea vikali, kisha papo hapo amfundisha maneno ya kujitetea ili aokoke. Mtazamaji aduwaa, maana mwadilifu ndiye aliyegeuka mwalimu wa uongo.

Prez akawekwa ofisini, na huko yadhihirika kuwa ana akili adimu ya kufumbua mafumbo ya simu za wahalifu. Baadaye, gizani, ampiga risasi askari mwenziwe kwa kutomtambua, akaiacha kazi. Katika msimu wa nne twamkuta mwalimu wa hesabu katika shule ya maskini, akiwafundisha watoto walio rika moja na yule aliyemtoa jicho, tena kwa huruma na subira. Mchezo hautwambii kwamba amesamehewa. Jicho halikurudi, na mwalimu ni mwalimu mwema. Yote mawili ni kweli, na mtazamaji hana budi kuyabeba yote mawili.

NJIA YA MWONGO

Msimu wa tano ndio unaotugusa sisi wenye kushika kalamu. Upelelezi wa mauaji ya watu 22, ambao maiti zao zilifichwa katika nyumba tupu, umesimama kwa kukosa fedha. Askari kanzu McNulty, hodari wa kazi, mlevi asiyetulia nyumbani, azua muuaji asiyekuwapo. Achukua maiti za watu wasio na makazi, waliokufa pasipo kuuawa na mtu, akazitia alama za kunyongwa. Gazeti la mji likaukoleza uongo wake, kwa kuwa lilikuwa na mzushi wake ndani, na mzushi yule akatunukiwa tuzo. Fedha zikamiminika. Walakini njia ya mwongo ni fupi: mtu mwingine akaiga, wakafa watu kweli, na mkubwa wa wauaji akaachiliwa kwa sababu ushahidi ulichafuliwa na hila. Nia ya McNulty ilikuwa njema, nayo haikumwokoa yeyote.

Na mtu wa Kilindini atauelewa msimu wa pili pasipo mkalimani. Frank Sobotka, kiongozi wa chama cha makuli, aona meli zapungua na vijana wake wakosa kazi. Apitisha makontena ya magendo, na fedha hazili. Awapa wanasiasa ili mkondo wa bandari uchimbwe, meli zirudi. Siku moja kontena moja lafunguliwa, ndani mna wanawake 13 wamekufa kwa kukosa pumzi. Hakuyataka hayo, lakini mlango aliufungua yeye.

Wako watakaoulaumu mchezo huu. Lugha yake ni chafu na mna mambo ya aibu. Si wa kutazamwa sebuleni pamoja na wazazi na watoto. Hilo nalikubali. Wengine watasema unaupamba uhalifu. Hapo nakataa. Atakayemwona kijana Wallace, miaka 16, akiuawa na marafiki zake kwa amri ya wakubwa, hatatamani biashara ile. Kufahamu si kuhalalisha.

TEJA MEZANI

Kwetu pwani jambo hili si la mbali. Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata nje ya pwani ya Kenya jahazi lenye zaidi ya kilo 1,000 za heroini. Unga huo tunawajua unaowala: ni wana wa jirani, na pengine wana wetu, nasi tumezoea kuwaita mateja kana kwamba hawakupewa majina.

Katika mchezo yumo teja aitwaye Bubbles, mchekeshaji, mdokezi wa polisi, mwizi wa vitu vidogo vidogo. Ajitahidi kuacha, aanguka, ainuka tena. Dada yake ampa chumba cha chini ya nyumba, lakini mlango wa juu ya ngazi aufunga kwa kufuli, kwa kuwa ameibiwa mara nyingi. Sina neno la kumlaumu dada huyo. Mwisho wa mchezo mlango ule u wazi, na Bubbles apanda ngazi, aketi mezani, ala chakula na nduguze. Ilichukua misimu mitano.

Mwenye teja nyumbani na autazame mchezo huu, kisha aufikirie ule mlango wake.