Kundi la bisoni na ulinzi wa ndama

Mfasiri akutanapo na bisoni wa Amerika ya Kaskazini hushawishika kuandika «nyati». Kosa hilo si letu peke yetu, maana hata walowezi wa Kiingereza walimpa bisoni jina la nyati. Wanyama hawa wawili ni wa ukoo wa ng'ombe, lakini ni jamii mbalimbali. Bisoni ana nundu kubwa mabegani, manyoya mazito kichwani hadi kifuani, na pembe fupi. Nyati wetu wa Virunga na Upemba hana nundu wala manyoya hayo. Basi katika makala haya tutasema bisoni.

Amwonaye dume wa kilo 800 hudhani kwamba huyo ndiye mkuu wa kundi. Sivyo. Kwa sehemu kubwa ya mwaka madume wazima hukaa peke yao au wachache pamoja, na hurudi kwa majike wakati wa kupandana, yaani Julai na Agosti. Kundi lenyewe ni la majike, ndama wao na vijana. Aghalabu jike mzima ndiye atanguliaye kuondoka malishoni, na wengine humfuata. Walakota, wenyeji wa nyika hizo, humwita jike pte, na neno hilohilo hutumika kwa bisoni kwa jumla. Lugha yao imehifadhi jambo ambalo mgeni hulikosa.

Ndama wengi huzaliwa Aprili na Mei, mmoja kwa kila jike. Adui wao mkubwa, ukimwondoa binadamu, ni mbwa mwitu. Mbwa mwitu hupenda windo linalokimbia, kwani hulishika kwa nyuma. Bisoni aliyesimama na kumwelekezea pembe aweza kumrusha au kumkanyaga. Kwa hiyo majike husongamana, na ndama hujibanza ubavuni mwa mama zao. Wakilazimika kukimbia, ndama hujitahidi kuwa mbele au katikati. Wasimulizi wengine huchora duara kamili kama boma la askari. Duara hilo ni nadra kwa bisoni; kinachoonekana zaidi ni msongamano wenye vurugu, nao mara nyingi hutosha.

Desturi hiyo iliwafaa kwa maelfu ya miaka, kisha ikawaangamiza. Tangu 1871 hivi, viwanda vilipojua kutengeneza ngozi ya bisoni kwa ajili ya mikanda ya mashine, wawindaji wa biashara walimiminika nyikani kwa reli. Walijifunza siri ya kundi upesi. Mwindaji alilala mbali, upande ambao upepo haukuchukua harufu yake, akampiga kwanza jike aliyetangulia, akilenga mapafu ili aanguke bila kukimbia. Wenzake walimzunguka, wakanusa damu, wakangoja. Kila aliyejaribu kuongoza naye alipigwa. Hivyo mtu mmoja aliweza kuua makumi ya bisoni bila kuondoka alipolala. Kundi lilijua kumkabili adui anayekaribia, huyu hakukaribia.

Makadirio mengi husema kwamba bisoni walikuwa kati ya milioni 30 na 60 kabla ya walowezi kuenea. Mwaka 1889 William Hornaday alikadiria waliosalia, pamoja na waliofugwa, kuwa 1,091. Wenyeji wa nyika walipoteza chakula, mavazi na ngozi za mahema, na njaa ikasaidia kuwasukuma katika maeneo waliyotengewa. Msomaji wa Kivu atatambua sura ya jambo hili: nyati nao hurudi kumtetea ndama anayelia, lakini katika Virunga wamepungua sana tangu vita vya miaka ya 1990, kwa bunduki na si kwa simba.

Katika hifadhi ya Yellowstone bisoni wa mwituni walikuwa kama dazeni mbili tu mwaka 1902. Leo wanahesabiwa kwa maelfu. Mbwa mwitu waliokuwa wamemalizwa huko kufikia 1926 walirudishwa kuanzia 1995, wakakuta bisoni ambao hawakuwahi kuwaona. Hata hivyo bisoni walisimama. Utafiti uliotolewa 2014 ulionyesha kwamba katika kuwinda kulungu wakubwa wa huko, mbwa mwitu hawafaidiki sana wakizidi wanne hivi, ilhali kwa bisoni kila anayeongezeka huendelea kusaidia mpaka wafike 9 hadi 13. Na hata hao mara nyingi huondoka na njaa.