Seli mpya za sola zaja, je, Kiswahili kitazieleza?

Aghalabu sisi wanaisimu tunapojadili istilahi, mjadala huishia kwenye siasa, sheria na tarakilishi. Wiki hii ningependa tupande juu ya mabati, tutazame paneli za sola. Maabarani kunaandaliwa kizazi kipya cha paneli hizo, na lugha yetu ina deni la kulipa kabla hazijajaa madukani.

Tuanze na tulizozizoea. Paneli nyingi zilizo kwenye mapaa yetu, sawa na zile za kituo cha Garissa kilichozinduliwa mwaka wa 2019, hutumia silikoni. Mwanga wa jua unapoipiga silikoni, elektroni hung'oka mahali pake na kusukumwa upande mmoja. Mwendo huo ndio stima. Mwaka wa 1954 Maabara ya Bell, Marekani, ilionyesha seli ya silikoni iliyogeuza takriban asilimia 6 ya mwanga kuwa umeme. Hata hivyo, silikoni huyeyushwa kwa joto la zaidi ya nyuzi 1,400, kazi inayokula nishati nyingi. Isitoshe, kinadharia seli yake haiwezi kupita asilimia 29 hivi.

Hapo ndipo inapoingia perovskaiti. Asili ya jina hili ni Lev Perovski, Mrusi aliyeenziwa na mwanasayansi Mjerumani, Gustav Rose, alipoyaeleza madini fulani kutoka milima ya Ural mwaka wa 1839. Siku hizi jina hilo limepanuka maana. Linataja kila dutu ambayo chembe zake zimepangwa kwa mtindo wa madini yale. Mwaka wa 2009 Tsutomu Miyasaka na wenzake nchini Japani walitangaza seli ya perovskaiti iliyofikia asilimia 3.8 tu. Mwongo mmoja baadaye, seli za aina hiyo zilikuwa zimepita asilimia 25 maabarani. Zaidi ya hayo, dutu hii huweza kuyeyushwa ikawa kama wino, ikapakwa juu ya kioo na kukaushwa kwa joto lisilozidi sana lile la maji ya chai yanayochemka.

Je, tuiite nini? Kuna watakaotaka tubuni neno la Kibantu. Mimi nasema tutohoe: perovskaiti, ngeli ya I-ZI, basi. Jina lililotokana na mtu halitafsiriki, na mwanafunzi atakutana nalo hivyo hivyo vitabuni.

Lakini si kila dhana ni ya kutoholewa. Watafiti sasa wanabandika perovskaiti juu ya silikoni. Ya juu hunasa mwanga wa samawati, ya chini hunasa mwekundu unaopenya. Kufikia 2023 seli za namna hiyo zilikuwa zimevuka asilimia 33. Hapa Kiswahili kina neno lake tayari: sanjari, yaani vitu kufuatana kwa mstari. Napendekeza 'seli sanjari'. Fundi akilisikia, ataelewa bila kuchorewa.

Sasa tufike kwenye hoja inayonikosesha usingizi. Perovskaiti zinazofanya vyema zaidi zina madini ya risasi. Paneli ikivunjika na mvua ikaipiga, sehemu ya risasi hiyo inaweza kuyeyuka na kuingia udongoni. Kiasi chake katika paneli moja ni kidogo, na watafiti wanaunda tabaka za kuinasa isitoroke. Pia wanapambana na unyevu na joto, maadui wanaoichakaza perovskaiti mapema, ilhali paneli ya silikoni hutarajiwa kudumu miaka 25.

Hebu fikiria onyo kwenye kasha: 'Ina risasi.' Mkenya wa kawaida atacheka, aulize bunduki iko wapi! Neno risasi lilitujia kutoka Kiarabu likimaanisha madini hayo. Kipande kitokacho bundukini kilipewa jina la kile kilichokiunda. Leo maana hii ya pili imeifunika ya kwanza, na hatari imejificha ndani ya neno.

Hili si jambo la kubuni. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walidhuriwa na risasi iliyotoka katika kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na mwaka wa 2020 mahakama iliamuru walipwe Sh1.3 bilioni. Ningependa kuona lugha ya onyo ikitangulia sumu, badala ya kufuata nyuma kama wakili.

Kwa hivyo, rai yangu ni hii. Kwenye maandishi ya kitaalamu na vibandiko vya bidhaa, tuandike 'madini ya risasi, sumu ya damu na ubongo', wala tusiliache neno risasi peke yake. Walimu wa sayansi na wa Kiswahili waketi pamoja, sanjari kama zile seli, waamue istilahi hizi mapema. Sola hizo zikifika, mama mboga aliyenunua moja kwa malipo ya polepole ana haki ya kujua inavyofanya kazi, na pia mahali pa kuipeleka ikivunjika, kwa lugha anayoitumia kuuza sukuma wiki.