Mwanachuoni wa Balkh na Maradhi ya Nafsi

Mtu akifiwa, usingizi ukamtoroka na chakula kisipite, jamaa humwambia asubiri. Hali ikizidi, hunong'ona kwamba imani yake imepungua. Kauli hiyo humwongezea mgonjwa jeraha, na wala haiafikiani na elimu iliyoandikwa na Waislamu wenyewe zaidi ya miaka elfu moja iliyopita.

Abu Zayd al-Balkhi, aliyezaliwa karibu na Balkh katika Afghanistan ya leo na kufariki mwaka 934, aliandika kitabu kuhusu siha ya mwili na nafsi. Sehemu ya pili, yenye sura 8, inashughulikia nafsi: hasira, hofu, huzuni na wasiwasi. Aliwalaumu matabibu wa zama zake kwa kuutibu mwili na kuiacha nafsi, ilhali viwili hivyo vimefumana, kimoja kikiugua huvuta na mwenziwe.

Huzuni aliigawa mara mbili. Ipo yenye sababu inayojulikana, kama msiba au kupotelewa na mali. Hii aliitibu kwa maneno ya watu walio karibu na mgonjwa na kwa fikra anazojijengea mwenyewe. Ipo pia isiyo na chanzo cha kuonekana, inayomnyima mtu furaha ya jambo lolote. Hiyo aliihusisha na hitilafu ya damu, akaiagizia tiba ya mwili. Nadharia yake ya damu imeshapitwa na wakati, lakini mgawanyo wenyewe madaktari wa Ulaya walikuja kuutumia takriban miaka elfu moja baadaye. Na huyu ni mtu aliyeandika pia kuhusu Qurani; hakuona kwamba dawa inaipunguzia dua heshima yake.

Ustahimilivu, kwake, hutayarishwa mapema. Aliwashauri walio wazima wajiwekee akiba ya fikra njema, kama watu wanavyoweka dawa nyumbani kabla ya kuugua. Mwislamu anayo akiba hiyo tele: kwamba dhiki ina mwisho, kwamba Mola yu karibu na anayemwomba. Saikolojia ya leo inakubali, kwa sharti moja zito. Utafiti wa Kenneth Pargament wa Marekani kuhusu waumini wa dini mbalimbali umeonyesha kwamba anayemwona Mungu kuwa msaidizi hustahimili vizuri zaidi, na anayeamini kwamba Mungu amemtupa au anamwadhibu huzidi kudhoofika. Basi anayemwambia mgonjwa kwamba Mungu amemkasirikia anamnyang'anya ile ile akiba.

Wala imani si kinga kamili. Mwaka 2021, Rania Awaad wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walichapisha matokeo kwamba Waislamu wa Marekani walikuwa na uwezekano maradufu wa kuwahi kujaribu kujiua kuliko watu wa makundi mengine ya dini. Watu hao wanahitaji daktari, imamu anayejua lini awapeleke kwa daktari, na wenzao wa kukaa nao. Al-Balkhi alilisema hilo la mwisho waziwazi: mwenye wasiwasi asiachwe peke yake, kwa kuwa upweke ndio unaoyapa nguvu mawazo yanayomsumbua.